Kaburi Lililomo Ndani ya Karata

Kutoka Kilwa mpaka Mingoyo hajazaliwa wa kunifunga kwa karata. Walionifunga ni watatu tu, na mmoja ni mjukuu wangu ambaye bado anajikojolea. Lakini bibi yangu Kazija, aliyenifundisha, huyo hakufungika. Tena zake hazikuwa karata za kopa na shupaza. Zilikuwa karata za nchi.

Wakati wa Mdachi bibi alikuwa akipiga pasi Lindi, nyumbani kwa daktari wa serikali. Masika ilimchosha mke wa daktari, wa kucheza naye hana, akamwita Kazija barazani. Kila nchi ilikuwa na karata nne: mji, mto, mlima na watu wake, zimechorwa kwa rangi, na pembeni bendera ya nchi hiyo. Unamwomba mwenzako karata kwa jina. Akiwa nayo lazima aitoe. Kudanganya hakuna. Bibi alisema hiyo ndiyo sheria pekee ya Mdachi aliyoipenda. Yule mama aliporudi kwao akamwachia karata zote.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, vimeacha majivu na njaa. Kwao bibi, Likawage, halikubaki ghala. Mumewe, Nassibu, na mdogo wake Mfaume wakapanda meli kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi ya bandarini. Mwaka ulipopita akarudi Mfaume peke yake, begani kanga mpya ya kujifutia machozi. Akasema meli iliwachukua mpaka Hamburg, kwa Mdachi mwenyewe, na huko Nassibu akaugua kifua akafa. Amemzika kwa mikono yake. Tena, akasema akiinamisha macho, marehemu aliusia mkewe asiachwe kwa watu baki.

Mfaume alikuwa amekonda, na nyumba ya Kazija pale Lindi, mtaa wa Mtanda, ilikuwa moja ya chache zilizotoa moshi jikoni kila siku.

Majirani wakaja na mikeka ya matanga. Bibi akawaambia waikunje. Maalim Tawakali, aliyekuwa akisalisha msikitini pale mtaani, akamweleza kwa upole kuwa mjane hukaa eda, na kubisha kifo ni kumbishia Mungu.

"Simbishii Mungu, Maalim. Namuuliza shemeji. Nikiingia eda leo, nimemzika Nassibu mimi, na akija kesho atanikuta mke wa mdogo wake. Niache niulize. Nikishindwa, kaniki nitaivaa mwenyewe."

Maalim akakubali. Bibi akampa shemeji yake uji kwanza, maana mwenye tumbo tupu hasemi sana. Kisha akamwomba aueleze huo mji. Mfaume akaeleza: baridi ya kugandisha mate, nyumba ndefu, meli zimesongamana kama kuku sokoni. Mambo ya kweli hayo. Mabaharia wa Dar es Salaam humsimulia yeyote mwenye masikio.

Bibi akaweka karata moja mkekani. Mji wa baridi, mbele meli, nyuma mlima mweupe.

"Ni huu, shemeji?"

Angalieni, hakusema ni upi. Aliuliza tu.

Mfaume akaishika kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, ya kweli kabisa. Uji ulikuwa wa moto. "Huu huu. Unauona ule mlima? Chini yake ndipo alipolala kaka yangu. Na njia hii ndiyo tuliyopita na jeneza."

Wanawake wakalia. Bibi akangoja kilio kipungue, akamwambia amwonyeshe Maalim bendera pale pembeni.

Bendera ya Mdachi nani asiyeijua? Kila asubuhi ilipandishwa bomani, nyeusi, nyeupe, nyekundu, na asiyesimama alikula viboko. Hata mbuzi wa Mtanda walisimama. Maalim akaisogeza karata mlangoni penye mwanga. Bendera ilikuwa nyekundu, ina msalaba wa buluu. Akatazama boma, akatazama karata, akamtazama Mfaume.

Bibi akatoa karata ya pili, yenye bendera ya bomani. Mji, mto, meli, na nchi tambarare kama mkeka.

"Hamburg ndiyo hii. Tafuta mlima, shemeji."

Mfaume akautafuta sana. Mwisho, kwa sauti ndogo, akasema Nassibu yuko bandarini Dar es Salaam, mzima, anapakia makaa. Alimtuma amletee mkewe salamu na kanga.

"Salamu nimepata," akasema bibi. "Kanga iko wapi?"

"Ilipotea njiani," akajibu Mfaume, huku akijifuta uso nayo.