Buibui wa Mama Hadia

Ukiingia dukani kwa Mzee Anuari, pale Mpanda mjini, kabla hujauliza bei ya kitenge utakutana na macho manane. Yametundikwa ukutani kwenye fremu ya dhahabu, juu ya majora ya vitambaa: picha ya buibui mdogo wa kijivu, iliyokuzwa mpaka vinyweleo vinahesabika, na chini yake ukurasa mmoja wa Kiingereza ambao mzee hawezi kuusoma lakini anaupangusa vumbi kila asubuhi. Wateja wengine huruka nyuma. Yeye hucheka mpaka kofia inamwenda upande.

"Usiogope. Huyo ni mke wangu."

Halafu anaeleza, na akianza kueleza hata mwenye haraka zake hujikuta amekaa. Binti yake Hadia ni mtaalamu wa buibui, chuo kikuu huko Morogoro. Hasa wale wasiotega utando, wanaowinda kwa kuruka. Huyu alimpata kwenye milima ya Mwese, na vitabu vyote vya dunia havikuwa na jina lake. Sasa sheria za hao wataalamu ni kwamba anayetangulia kumweleza mdudu kwa maandishi ndiye anayempa jina. "Basi binti yangu," mzee humalizia, "akampa jina la Mama Hadia."

Hadia akiwepo hapo huuma mdomo. Jina alilompa siyo Mama Hadia. Ni Mwanaiddi.

Mama yake aliishi Mpanda miaka thelathini na nne, na karibu miaka yote hiyo aliitwa Mama Hadia. Sokoni, kwenye vikoba, hata kwa mumewe ndani ya nyumba, Mama Hadia. Alipofariki, dada zake walishuka kwenye treni kutoka Tabora wakazunguka mtaa mzima wakiulizia msiba wa Mwanaiddi. Majirani, macho yao yamevimba kwa kilio cha kweli kabisa, wakawajibu kwamba hapa hakuna Mwanaiddi, hapa kafa Mama Hadia, jaribuni mtaa wa pili. Mpaka wanafika, maziko yamekwisha. Hadia alikuwa na miaka thelathini na tatu siku ile, na hajapata kuisahau. Ilimuuma kwamba mtu anaweza kupendwa kiasi kile na jina lake lisijulikane. Ilimuuma zaidi kwamba jina lililolimeza lile la mama lilikuwa la kwake yeye.

Ndiyo maana alifanya haraka kumwandika yule buibui, na haraka yenyewe ikamponza. Buibui hawa wana visa: jike na dume hawafanani hata kidogo. Jike kajipaka vumbi, dume kavaa kama anakwenda kuoa. Mtaalamu mwenye subira huwasubiri wote wawili ndipo aandike. Hadia alikuwa na jike tu, na hamu, akaandika. Miaka miwili baadaye, mvua za Machi zilipopungua kidogo, akarudi Mwese kumtafuta bwana harusi.

Mwenyeji wake alikuwa Severini, kijana wa bodaboda mwenye macho makali kuliko lenzi yoyote iliyowahi kununuliwa na chuo. Hadia alifikia kwa mama wa kijana huyo, Mama Severini, mama wa kabila la Wabende mwenye mikono mikubwa na maneno machache, aliyempikia mtaalamu wetu maharage ya kuleta usingizi. Kila asubuhi Hadia na Severini walikwenda mlimani na mwavuli. Severini anaushika chali chini ya kichaka, Hadia anakichapa kichaka fimbo, na wadudu wanadondoka mwavulini. Wapita njia walishazoea, ila mmoja alimuuliza Severini kama mwavuli wake unajua mvua inatoka wapi.

Siku ya tatu hawakuhitaji mwavuli. Juu ya jani pana, jike wa kijivu alikuwa amekaa kwa maringo, na mbele yake dume, paji jekundu kama pilipili na mstari mweupe katikati. Dume akanyanyua miguu ya mbele, akaitikisa kulia, akaitikisa kushoto, akasogea kidogo.

"Dada," Severini akanong'ona, "huyu jamaa anatongoza. Mzee wako asijue."

Hadia akaanza kucheka, kisha akainama karibu na jani. Lile paji alikuwa amewahi kuliona, kitabuni.

Mchana, kwenye meza ya Mama Severini, aliweka hadubini yake akakagua vipapasio, vile viungo viwili vidogo kando ya mdomo ambavyo dume wa kila aina huwa navyo kwa umbo lake tu. Hakukuwa na la kubishana. Miaka kumi na minne nyuma, mtafiti mmoja mgeni alipita milima hiyohiyo, akapata dume mmoja peke yake, akamwandika kwenye ukoo mwingine kabisa. Ndiyo maana Hadia hakuwahi hata kuwafikiria pamoja. Kumbe walikuwa mtu na mkewe. Buibui mmoja, majina mawili. Na sheria haina huruma: lililotangulia kuchapwa ndilo linabaki, la pili linashuka. La kwanza lilikuwa la Lusia. Mwishoni mwa maandishi yake yule mtafiti alishukuru kwa mstari mmoja: Lusia wa Mwese, aliyenipikia na kunionyesha kichaka.

Hadia akakaa anakitazama kichupa cha spiriti alimomhifadhi yule dume. Duniani kote, aliyekuwa akijua ni yeye. Angeweza kukifunga akanyamaza, na huenda ikapita miaka ishirini kabla mwingine hajapanda mpaka huku. Akaiona ile fremu ya dhahabu. Akamwona baba yake na kitambaa chake cha kupangusia. Halafu akajipa sharti ambalo kama mwanafunzi wake angemletea, lingemchefua: nitamtafuta huyu Lusia. Kama hayupo, nafunga kichupa.

Kesho yake Severini alimzungusha kijiji kizima. Mwenyekiti alifikiri sana akasema anaye Lusia mmoja, mjukuu wa Mzee Telesfori, ana miaka minne. Kwenye mashine ya kusaga wanawake waliulizana wao kwa wao, wakatikisa vichwa. Lusia? Hapa? Labda mlielekezwa vibaya. Kila aliyetikisa kichwa, Hadia aliona moyo wake unakuwa mwepesi, na kila ulivyokuwa mwepesi ndivyo alivyojichukia.

Walirudi saa saba na njaa zao. Mama Severini alikuwa anasonga ugali.

"Leo mmeacha buibui, mmeshinda barabarani. Kuna nini?"

"Tunamtafuta mtu, mama," Hadia akasema. "Anaitwa Lusia. Hayupo."

Mwiko ukasimama. "Nani kasema hayupo?"

"Kijiji kizima."

"Lusia ndo mimi."

Severini akageuka polepole. "Mama! Wewe ni Lusia?"

"Ulidhani nilibatizwa Mama Severini?"

"Sasa mimi ningejuaje? Kwenye fomu za shule aliandika baba!"

"Kitambulisho changu cha NIDA si wewe uliyenichukulia?"

"Nani anasoma kitambulisho cha mama yake?"

Mama Severini akaacha ugali, akaingia ndani, akatoka na cheti cha ubatizo kilichokunjwa mara nne. Lusia, wino umefifia lakini upo. "Yule mgeni aliniuliza jina langu mimi, siyo la mtoto. Nilicheka sana. Sikumbuki nani mwingine aliwahi kuniuliza. Nikamwambia."

Hadia hakuweza kula. Aliwaona mama zake wadogo na mabegi yao, wakifukuzwa kwa upole kutoka mlango hadi mlango, hapa hakuna Mwanaiddi. Na asubuhi hii yeye mwenyewe amezunguka Mwese akiambiwa hapa hakuna Lusia, na amefurahi. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akaeleza yote bila kujificha: buibui, dume na jike, majina mawili, kichupa, lile sharti lake la kijinga.

Lusia alisikiliza mpaka mwisho. "Na la mama yako sasa linakwenda wapi? Linafutwa?"

"Halifutwi. Linaandikwa chini ya lako, kwa herufi ndogo. Kila atakayewaorodhesha hawa buibui lazima alitaje."

"Kumbe tutakaa nyumba moja." Akamsogezea bakuli la maharage. "Sasa niambie, alikuwa mtu wa namna gani?"

Hadia akaanza kusimulia, na ugali ukapoa mbele yao wote watatu.

Keshokutwa yake walishuka Mpanda mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja, kwa sababu Lusia alisema haiwezekani akae na mtu nyumba moja asiende kuwaona watu wake. Hadia alitangulia kuingia dukani akamwambia baba yake kila kitu, amesimama, kama mtoto aliyevunja sahani. Mzee Anuari alikuwa akiitazama ile fremu.

Mlangoni Severini akabisha hodi na mama yake.

"Karibu sana, Mama Severini," mzee akasema, maana adabu haingoji majonzi yaishe.

"Ahsante, baba. Mie naitwa Lusia."

Mzee akavuta stuli, akapanda, akaishusha fremu. Hadia akainamisha macho. Alijua inakwenda uvunguni. Lakini baba yake alipangusa kioo kwa kanzu yake, akailaza fremu juu ya jora la kitenge mbele ya mgeni, taratibu.

"Kaa, Bi Lusia, umwone mwenzako," akasema. "Huyu ni mke wangu. Anaitwa Mwanaiddi."