Jiwe la Sekondari ya Namtende

Mwalimu Elineema alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni wa kalamu nyekundu. Tangu ahamishiwe Nachingwea kutoka Same, mwaka wa tisa huu, hajapita mbele ya kibao cha duka wala kusoma kadi ya harusi bila kusahihisha kitu, japo moyoni. Katika Sekondari ya Namtende, kule pembezoni mwa mji lami inakoishia, alifundisha Kiswahili, na kila Jumatatu aliwasimamisha watoto mstarini waseme kwa pamoja: rubani alilala Ruangwa. Si Luangwa, jamani, Ruangwa! Wale watoto wa Kimwera, Kimakonde na Kiyao, ambao ndimi zao hazioni sababu ya kutenganisha r na l, walimwitikia walivyotaka wao, na nyuma ya mgongo wake wakamwita Mwalimu Lubani. Alijua. Kilichomuuma si kupewa jina, ila hata jina lenyewe walikuwa wamelikosea.

Basi shule ilipotimiza miaka ishirini, mkuu wa shule, Mama Felomena, alimwita ofisini akampa kazi ya kuandika historia ya shule na mafanikio yake. Mengi yangeingia kwenye kijitabu, na machache yachongwe kwenye jiwe, ambalo mgeni rasmi kutoka wilayani angelizindua Jumamosi. Elineema alitoka pale kifua mbele. Daftari huchakaa na mwanafunzi husahau, lakini jiwe litabaki, na yeyote atakayelisoma hatakuta kosa hata moja. Hicho tu ndicho alichokitaka katika maisha yake ya ualimu, na sasa kilikuwa mkononi.

Tusifichane, mafanikio yenyewe yalihitaji mkono wa huruma. Kulikuwa na kikombe cha mpira wa pete, nafasi ya pili kimkoa, ambacho wapishi walikuwa wanachotea chumvi. Kulikuwa na Koleta, aliyepata daraja la kwanza la kwanza kabisa pale shuleni, sasa ni tabibu Ruangwa, na kila mwalimu anadai alimfundisha, hata wale walioripoti yeye ameshaondoka. Kulikuwa na kengele, kipande cha reli ya zamani ya mradi wa karanga wa Waingereza, ambayo ikigongwa inasikika hadi sokoni. Kulikuwa na kidato cha tano na cha sita, vilivyofunguliwa juzijuzi. Ule mwaka ambao karibu darasa zima lilipata sifuri, Elineema aliuandika kuwa mwaka wa changamoto, akageuza ukurasa haraka.

Habari za mwanzo wa shule alizipata kabatini, kwenye daftari la mzee Bwanali, aliyekuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Mzee aliandika kwa penseli: eneo la shule lilipatikana kwa kula siku sita. Elineema alicheka peke yake mpaka akavua miwani. Siku sita za kula! Hawa watu na r zao! Akatoa kalamu nyekundu, akaiweka r mahali pake, na kwa kuwa hakuna mahali wanapopiga kura siku sita, akatia na neno moja la kuinyoosha sentensi. Jumatano fundi Mikidadi akalisimamisha jiwe mbele ya bwalo, maandishi yakisomeka vizuri kabisa: SHULE HII ILIPATIKANA KWA KURA, SIKU YA SITA, FEBRUARI 2006.

Alhamisi baada ya vipindi alikuja Bibi Mwamina, jirani wa ng'ambo ya uzio, aliyewahi kuwa mpishi wa shule mpaka mgongo ulipokataa. Alishikwa mkono na mjukuu wake Asmaa, mwanafunzi wa kidato cha tano. Bibi alisikia kuna jiwe, akataka asomewe, maana macho yake, alisema, hayakwenda shule. Elineema alimwamkia, akakohoa kidogo, akasoma. Bibi akaomba arudie. Akarudia, na ile r akaizungusha mdomoni mpaka ikatosha.

Bibi Mwamina akaweka kiganja chake juu ya jiwe, machozi yakamtoka.

"Kumbe mmeikumbuka ile kula," alisema. "Ghala langu lote liliishia hapa, mwanangu. Marehemu mume wangu Halfani alininunia mwezi mzima."

Elineema aliitikia ndiyo bibi, ndiyo bibi, kama anavyoitikia mtu asiyeelewa kitu. Ghala na kura vilihusianaje? Bibi hakungoja, alishatoka getini akimwambia kila aliyekutana naye njiani kwamba ameandikwa kwenye jiwe. Asmaa alibaki nyuma. Aliliangalia jiwe, kisha akamwangalia mwalimu wake.

"Mwalimu, bibi amesikia kula."

Elineema akaanza kumweleza habari za matamshi na athari za lugha mama. Binti alimwacha amalize, kwa adabu zote.

"Siyo matamshi, mwalimu. Ilikuwa kula. Nikamwambie ilivyoandikwa, au nimwache na furaha yake?"

Mwalimu alimwomba asubiri kwanza. Ijumaa aliomba ruhusa, akapanda bodaboda hadi Nkowe, wilaya ya Ruangwa, alikohamia mzee Bwanali kulima korosho. Alimkuta barazani anapepeta ufuta, na mzee alimsimulia bila kuacha kupepeta. Mitaa miwili iligombea ile shule. Kura walipiga, tena mara mbili, na mara zote mbili zikalingana. Ya pili iliishia kwa watu kurushiana viti. Ndipo Mwamina akabeba masufuria yake mawili akayainjika pale alipopataka yeye, akapika ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Alitangaza kwamba chakula ni cha watu wote wa mitaa yote, sharti ni moja: anayekula ashike jembe. Ilikuwa Februari, maghala yalishakauka, mahindi mapya bado. Watu walikuja, hata wale wa mtaa wa pili, wakala, na aliyekwisha kula ataanzaje kukana? Siku ya sita ofisa wa wilaya alifika kuamua ugomvi, akakuta msingi umeshachimbwa. Nyumbani kwa Mwamina walikula ming'oko, ile mizizi ya porini, mpaka mavuno.

"Niliandika kula kwa sababu ilikuwa kula," alimaliza mzee. "R naijua, mwalimu. Hapa ninapokaa ni Ruangwa."

Njia nzima ya kurudi Elineema aliona aibu, na vumbi la bodaboda halikumsaidia kuificha. Angeweza kunyamaza. Bibi asingelisoma lile jiwe mpaka anaingia kaburini, Asmaa angefunga mdomo, na mgeni rasmi asingeona kosa. Akilibadilisha, watu watasema mwalimu wa Kiswahili hajui kutofautisha kura na kula, na jiwe halifutiki. Liliniuma hilo, alikuja kukiri baadaye, liliniuma kuliko kufiwa na ng'ombe. Lakini kila alipofumba macho alikiona kile kiganja juu ya jiwe.

Jumamosi alfajiri alimwamsha Mikidadi. Fundi alilalamika kwamba r haigeuki l kwa kuambiwa tu, lazima izibwe kwa saruji ichongwe upya, na ile YA nayo izibwe. Wakaziba, wakachonga. Jiwe likabaki na mabaka mawili mabichi kama goti la mtoto mtundu.

Mgeni rasmi alivuta kitambaa, watu wakapiga makofi. Kisha akakodoa macho, akainama, na kwa upole mkubwa akasema kwenye kipaza sauti kwamba ameona kosa dogo la uandishi, bila shaka walimu wa Kiswahili watalishughulikia. Watoto waliangua kicheko. Lubani leo kapatikana! Mama Felomena alimtazama Elineema kwa jicho la kumtosha mwezi mzima. Elineema akasimama.

"Hapo hapana kosa, mheshimiwa. Kosa lilikuwa langu, na nimeshalifuta."

Akayasimulia yote, masufuria, ghala, siku sita, hata kalamu nyekundu hakuiacha. Kicheko kilikatika. Kina mama wakapiga vigelegele, na Bibi Mwamina akasogezwa mbele, akaomba asomewe tena. Elineema akasoma polepole: kwa kula, siku sita.

Bibi akakunja uso. "Mbona juzi ulinisomea hivyohivyo?"

Asmaa aliangalia chini, midomo kaibana.

"Hivyohivyo, bibi," akasema mwalimu.

Bwaloni wageni walipakuliwa pilau. Bibi Mwamina alimletea Elineema sahani yake peke yake, ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, chakula alichokikwepa kwa miaka tisa. Alikula mpaka akafuta sahani kwa kidole, naye bibi kasimama pembeni anamhesabia matonge.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, bibi. Ahsante sana."

"Basi vua koti," alisema Bibi Mwamina. "Wanachimba msingi wa bweni la wasichana. Jembe liko nyuma ya jiko."