Pampu ya Pijo

Pijo, pikapu ya Bashiri, ilizimika mbele ya lango la hospitali, jeneza likiwa limeshapakiwa. Bashiri alipiga stata, akasikia injini inazunguka bila kushika, akashuka na spana kabla mtu hajamwuliza kitu. Nyuma ya pikapu, Ignasi alibaki amekaa ubavuni mwa bodi, mkono mmoja juu ya jeneza la mbao za makreti alimolala mama yake.

Mama huyo, Luciana, alikuwa amefariki usiku. Siku zake za mwisho alishikilia jambo moja tu, kwamba asizikwe mjini. Alitaka kurudi Mwazye, kando ya mumewe, kule kwenye mahame walikohamishwa wakati wa operesheni ya vijiji. Habari za msiba zilishatangulia alfajiri na lori la misheni, na huko watu walikuwa wanachimba kaburi.

Bashiri alifungua boneti, akachomoa mrija wa kabureta, akamwomba Ignasi aingie apige stata. Halikutoka hata tone la petroli. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa. Kilinuka petroli. Basi mpira wa ndani ya pampu ulikuwa umechanika, na mafuta, badala ya kupanda kwenye kabureta, yalikuwa yanashukia kwenye oili. Hakushangaa. Mpira ule aliukata mwenyewe kutoka kwenye tyubu ya lori, na kila dereva wa Sumbawanga alijua kuwa tyubu na petroli havipatani. Inalegea kama ugali uliozidi maji. Lakini mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, vipuri vilikuwa vinasikika kwenye hotuba tu.

Yeye hata hivyo alikuwa na akiba yake. Baharia mmoja wa maboti ya Zambia alimletea pampu mpya kabisa kwenye bandari ya Kasanga, na Bashiri aliificha nyumbani, ndani ya kihenge cha ulezi, akiiweka kwa siku ya shida kubwa. Siku yenyewe ndiyo hii.

"Nisubiri hapa," alimwambia Ignasi. "Mama leo atalala kwake."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Baadaye alitamani asingefungua kinywa.

Nyumbani alizamisha mkono kwenye ulezi mpaka begani. Mkewe Hamisa alikuwa akipepeta mahindi uani. Ungo ulisimama.

"Baba Sada, usihangaike," alisema. "Niliitupa chooni."

Kisha akamweleza akiwa ameinamisha uso. Wiki iliyopita askari walipomchukua jirani yao Zubery kwa ajili ya sabuni aliyoificha, alisikia gari la msako linageuza kona. Bashiri alikuwa safarini. Pampu haikuwa na risiti, na ingekuwaje na risiti? Akaitupa shimoni pamoja na sukari yote ya nyumbani, na gari likapita bila hata kupunguza mwendo. Nusu ya mji ilifanya hivyo hivyo. Vyoo vya Sumbawanga vilijaa betri, vitenge na maziwa ya kopo, mali ambayo watu waliitafuta miaka mingi wakaizamisha wenyewe kwa mikono yao. Hamisa alikuwa ameshindwa tu kumwambia.

Bashiri alitaka kufoka, akakosa wa kumfokea. Angekuwa nyumbani siku ile, angeitupa yeye.

Akaenda kwenye ghala la vipuri la shirika la umma. Mtunza ghala, Leonsi, alikuwa mtu wa watu, na hakudanganya. Pampu ilikuwepo. Bashiri aliiona kwa macho yake kwenye rafu nyuma ya Leonsi, ndani ya boksi lake, imekaa kama bibi harusi. Lakini haikutoka bila kibali cha ofisa biashara. Kwa ofisa biashara akaambiwa mkubwa yuko Msanzi, amekwenda kusaka walanguzi. Msaidizi wake alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Ndugu, wiki hii nimewanyima pampu watu walio hai," alisema. "Kwa maiti nitajieleza vipi? Zile zimewekwa kwa ajili ya safari za viongozi."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa mtu aliyechoka, na hilo ndilo lililomvunja Bashiri moyo kuliko matusi.

Jua lilikuwa linawaka aliporudi hospitali. Ignasi alikuwa ametandaza kanga ya mama yake juu ya jeneza kuzuia nzi. Bashiri hakumweleza mengi. Alifanya kile wanachofanya madereva wa nyanda za juu wakibanwa. Aliiacha pampu mbovu mahali pake ili izibe tu tundu la injini, akanyonya petroli kutoka kwenye tanki kwa mdomo, akaijaza kwenye debe, akalifunga debe juu ya paa la gari kwa kamba. Halafu akateremsha mrija wa mpira kutoka kwenye debe moja kwa moja hadi kwenye kabureta. Mafuta yakashuka yenyewe, kama maji ya mlimani. Injini ikashika kwa stata ya kwanza, ikaunguruma vizuri kuliko ilivyowahi kuunguruma mwaka mzima. Ignasi alitabasamu, mara ya kwanza tangu usiku.

Walifika kwenye kizuizi cha kutokea mjini. Koplo Zenon, ambaye naye alikuwa mtoto wa nyanda hizo hizo, aliwapa pole, kisha akawaomba wafungue jeneza. Siku hizo kuna watu walikuwa wakisafirishia sukari humo, alisema, na yeye ana amri. Ignasi alifungua mwenyewe. Askari mwingine akapitisha mkono chini ya mgongo wa Luciana, akautoa mtupu. Ndipo Zenon alipoinua macho akaliona debe.

"Hiyo petroli mbona iko nje ya tanki?"

Bashiri alimweleza habari ya pampu, akafungua boneti, akamwonyesha mrija.

"Naelewa," Zenon alisema. "Lakini petroli ya halali iko ndani ya tanki. Ikiwa kwenye debe ni ya kulangua. Ndivyo tulivyoelekezwa."

"Ndani ya tanki haifiki kwenye injini, afande."

"Basi funga pampu."

Debe likashushwa, likapelekwa kituoni kama kielelezo. Zenon alisema anawasaidia kwa kutowaweka ndani, na kwa kweli alikuwa anawasaidia.

Walisukuma Pijo pembeni. Padri wa parokia aliwapa nafasi kwenye makaburi ya mjini, watu wa sokoni wakawaazima mkokoteni, na alasiri Luciana akazikwa kati ya watu asiowajua, mahali pale pale alipopakataa. Bashiri alishika sepetu mpaka mwisho. Alikuwa anaona haya kumtazama Ignasi.

Baada ya mazishi alimkaribisha kwake ale, alale. Ignasi alishukuru, akasema lazima aanze safari, hata kwa miguu.

"Kaburi limeshachimbwa," alisema. "Kwetu wazee hawakubali lifukiwe tupu."

"Sasa mtaweka nini?"

"Gogo. Watakata gogo, tutalifunga kanga yake, tulilaze kando ya baba."

Bashiri alimsindikiza mpaka kwenye kizuizi, Ignasi akiwa ameikunja kanga kwapani. Zenon alishamaliza zamu. Askari aliyempokea zamu hakuwafahamu. Alimsimamisha Ignasi, akaikunjua kanga, akaitazama huku na huku, akauliza risiti yake iko wapi.