Neno Alilofundishwa Fusko

Fusko alikuwa na pesa za sufu za kumwaga, ila Kigiriki hakuwa nacho hata cha kuombea maji, na hapa Roma mtu wa namna hiyo huchekwa huku wanaomcheka wanakula chakula chake. Karamu iliyopita walimcheka mpaka wakapaliwa, alipolitamka neno schola, yaani shule, akalimalizia kwa mkia usio wake. Kesho yake akamwita Timokle, mtumwa wake Mgiriki.

"Nifundishe hilo neno. Nikipita karamu ijayo bila kuchekwa, tunakwenda kwa hakimu, nakuacha huru."

Timokle alimfundisha kwa moyo wake wote.

"Ni neno letu, bwana. Nyinyi mmelifanya shule. Kwetu lilikuwa nafasi, ule wakati ambao hakuna anayekutuma."

"Kumbe shule ni uvivu!"

"Uvivu wa waungwana, bwana. Sasa, ni neno la kike, na mkia wake hubadilika kwa kazi yake. Likitenda ni schola, likitendwa ni scholam, likimiliki ni scholae."

"Scholae," Fusko akarudia, jasho likimtoka. "Lione lilivyo na maringo!"

Siku ya karamu Timokle alisimama nyuma ya kochi, akimimina divai. Seneta Balbino, ambaye ndiye aliyeanzisha kicheko mara ile, hakukawia kuchokoza.

"Haya Fusko, tupe lile neno lako la shule, tupate kushushia samaki."

Fusko akajifuta mchuzi mdomoni, akalieleza neno tangu Ugiriki lilikotoka hadi mkia wake wa mwisho. Hakukosea. Meza nzima ikampigia makofi, na Timokle akafurahi mpaka akamimina divai ikafurika kikombeni.

"Nani kakufunza wewe?" Balbino akauliza.

"Anifunze nani? Nimejisomea mwenyewe."

Wageni walipoondoka, Timokle hakuweza kungoja.

"Bwana, kwa hakimu ni lini?"

Fusko hakumtazama. "Umesikia nilivyomjibu Balbino. Nikikuacha huru utafungua darasa pale sokoni, na mji mzima utajua nilikotoa maneno."

"Sitasema, bwana. Naapa."

"Mtu huru husema anachotaka, Timokle. Ndiyo maana akaitwa huru."

Asubuhi alipakiwa kwenye mkokoteni wa punda, akapelekwa milimani kwenye kondoo wa Fusko. Njiani mwenye punda akamwuliza mjini alikuwa na kazi gani.

"Kumimina divai," Timokle akajibu, na akajichukia kwa jinsi alivyoharakisha kumtunzia Fusko siri yake.