Matone Mekundu Chini ya Gari la Fakihi

Maneno yalianzia bombani, wanawake wakiwa kwenye foleni ya ndoo: gari la Fakihi linadondosha damu. Eti mwenye gari wa kwanza, huko ng'ambo lilikotoka, alichinjiwa ndani, na damu yake haijakubali kukauka. Pili, mamaye Fakihi, alicheka pamoja na wenzake. Alipojitwika ndoo, kicheko kilikuwa kimeshakwisha, na maneno yakamfuata hadi nyumbani.

Miaka ile ndiyo kwanza milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuja na magunia yao, nguo za mitumba zikaja, na magari yaliyochoka nchi za watu nayo yakaja. La Fakihi lilikuwa la kwanza pale kijijini Mkunya lisilo na klachi; linabadili gia lenyewe. Mchana lilibeba abiria wa Masasi, usiku lililala uwanjani kwa Pili.

Na kweli, alfajiri iliyofuata Pili alikuta matone chini yake. Mekundu. Akayagusa: yanateleza, hayagandi. Akili ikamwambia hii si damu. Hofu ikamwuliza, damu ya marehemu wewe umeijulia wapi? Akachota majivu jikoni, akayafukia, akafagia uwanja wote kama ilivyo ada, maana mwanamke anayekutwa na jua hajafagia hana la kuwajibu majirani. Akawa anafanya hivyo kila alfajiri. Fakihi akiamka, anakuta mistari ya ufagio tu. Anawasha gari, anaondoka zake.

Kilichomnyima Pili usingizi hasa ni mkamwana wake, Shakila. Mimba ilikuwa imekomaa, na uzazi wa kwanza alipasuliwa. Manesi walishamwonya: safari hii asithubutu kuzalia nyumbani, awahi hospitali ya Ndanda. Kufika Ndanda ni kuteremka ule mteremko mkali wa kutoka Mkunya hadi Masasi, kisha kushika barabara kuu. Na gari ndilo hilo.

Wiki ya safari ya Ndanda, Fakihi akarudi anavutwa na lori la korosho.

"Limegoma kupanda," alisema, uso umemsawijika. "Injini inanguruma, magurudumu hayana habari. Na asubuhi wakati wa kushuka, mama, niliweka gia ndogo, haikushika. Nimeshuka kwa breki tupu mpaka zikatoa moshi."

Jirani yao, Mama Alfredi, alichungulia juu ya ua. "Si tulisema? Damu imekwisha, sasa linataka nyingine!"

"Basi lianze na wewe," Pili akamjibu, "mwenye damu ya kusemea nyumba za watu."

Akaitwa fundi Bartholomayo kutoka Newala mjini. Alikuja na baiskeli, vifaa vikigongana kwenye kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwangalie huyo mgonjwa."

Bartholomayo akachomoa kijiti cha kupimia, akakinusa. "Oili ya gia imekwisha. Rangi yake ndiyo hii nyekundu tangu kiwandani. Shukuru haijanuka kuungua. Lakini Fakihi, hii haipungui kama chumvi ya jikoni. Ikipungua, imevuja. Hukuona matone?"

"Matone gani? Uwanja huu ukiangusha sindano unaiona."

Pili alimtazama Shakila, aliyekaa mkekani mkono juu ya tumbo. "Yapo," akasema. "Nayafagia mimi. Sikutaka watu wayaone."

Fakihi akainama kuitazama mistari ya ufagio.

"Basi wewe ndiye ninayekutaka," akasema Bartholomayo. "Yanadondokea wapi?"

Pili akaonyesha kwa kidole cha mguu. "Hapa katikati ndiyo mengi. Na huku mbele, moja moja."

"Huku mbele pia? Umenisaidia. Ningekaza bolti za hili bakuli la chini ya giaboksi, nikaenda kunywa chai, na lingevuja vilevile."

Akaweka mawe magurudumuni, akalipandisha kwa jeki, akasukumia magogo chini ya chasisi. Akaosha tumbo la gari kwa mafuta ya taa, akalikausha kwa matambara. Kisha akaomba unga wa muhogo, ule laini.

"Unapika?" Shakila akauliza.

"Napika ugali wa gari."

Akaupaka unga kila mahali mpaka gari likawa jeupe chini, akatia oili kidogo, akamwambia Fakihi awashe, mguu kwenye breki. Wakangoja. Mstari mwekundu ukajichora kwenye unga, si bakulini, bali mbele kabisa, kwenye mpira unaopeleka oili kupozwa kwenye rejeta. Umepasuka penye klipu. Oili ilikuwa ikitambaa na bomba kurudi nyuma, ndipo ikadondokea katikati.

"Tena ni mpira wa maji," Bartholomayo akasema, akiuminya. "Mtu alifunga alichonacho. Oili ya moto inaula."

Mpira wa oili ukatafutwa Masasi, ukafungwa na klipu mpya pande zote mbili. Oili nyekundu ikatiwa kidogo kidogo, injini ikiunguruma, gari likiwa tambarare, mpaka kijiti kikasema basi. Pili akatandika shuka jeupe chini ya gari. Asubuhi lilikuwa jeupe vilevile. Hata hivyo hakumruhusu Shakila kupanda mpaka Fakihi alipokwenda mteremkoni na gari tupu, akashuka, akapanda, akarudi.

Ndipo wakaondoka, Pili amemshika mkamwana wake mkono. Gia ndogo ilishika mteremko mzima. Mtoto alizaliwa Ndanda, kwa kupasuliwa kama ilivyotarajiwa, na mama yake mzima.

Wenye magari ya namna hii, na wanaolala nayo uwanjani, waepuke haya:

Usifagie chini ya gari kabla dereva hajatazama.

Usiongeze oili kila siku badala ya kutafuta inakotoka.

Usiamini tone lilipoangukia; chanzo huwa juu au mbele.

Usitie oili ya injini wala mafuta ya kula mahali pa oili ya gia.

Usizibe kwa sabuni wala utomvu wa mkorosho. Joto litaviondoa njiani.

Usifunge mpira wa maji penye oili.

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Usipakie mtu kabla hujalijaribu mteremkoni likiwa tupu.