Kitanda cha Darasa

Sindano ya kwanza ilikosa. Ya pili iligonga mfupa, na wanafunzi wote waliokizunguka kitanda wakausikia mlio wake, mdogo na mkavu. Mwanamke aliyelala ubavu, uso ukutani, magoti yamekunjwa mpaka kifuani, hakulia. Alivuta pumzi, akaizuia kidogo, akaiachia.

"Hawa hawalii," alisema Daktari Sylvesta. "Ndiyo raha ya kufundishia huku. Nurudini, mpishe mwenzako. Immakulata, njoo."

Kitanda kile kilikuwa cha kwanza ukiingia wodini, palipokuwa na mwanga wa mlango. Wenyewe walikiita kitanda cha darasa. Mgonjwa mwenye ndugu hakulazwa hapo, kwa sababu ndugu huuliza. Alilazwa yule aliyeletwa na lori la kambi ya wakimbizi, akateremshwa peke yake na blanketi lake. Huyo ndiye waliyejifunzia kutafuta mishipa, kupitisha mipira ya mkojo, kuchukua maji ya uti wa mgongo. Matabibu waliosambazwa kote Kasulu na Kibondo, wenye mikono ya kusifiwa, mikono yao ilizoea hapo, juu ya miili ya watu wasio na wa kuwaulizia.

Immakulata aliichukua sindano. Aliutazama mgongo uliokuwa mbele yake, na chini ya bega la kulia akaliona kovu la moto, la siku ile chungu cha maharage kilipopinduka jikoni kwao Makere. Mgongo huo aliujua kabla hajajua kutembea. Alivushwa mpaka akiwa juu yake, mwaka wa sabini na mbili, watu walipokuwa wakichinjana Burundi.

Alikuwa mama yake, Ininahazwe.

Miaka yote hiyo walilima Makere kama watu wengine. Kwa majirani walikuwa Waha kama wao, na kwa Kiha chao hakuna aliyeweza kuwatofautisha. Immakulata alisomeshwa kwa jina la jirani yao, mzee Bazilio, akafaulu, akachaguliwa chuo cha matabibu. Kisha ikaja operesheni ya askari ya kuwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi nje ya kambi, na wapo waliojua nani aliingia lini, na wapo waliolitamani shamba la migomba. Mama alipandishwa kwenye gari na nguo alizovaa. Kabla ya kuondoka alimpa Bazilio neno moja la kumfikishia binti yake: popote utakaponiona, hunijui.

"Unangoja nini? Mgonjwa anapoa," daktari alisema. Wanafunzi wakacheka kidogo, kwa adabu.

Mwanamke aliyetazama ukuta akasema, kwa Kiswahili chake cha kukwama kwama, "Dakitari, choma tu. Mimi sina neno."

Akamwita mwanawe daktari, sauti ikiwa kavu kama ya mtu asiyemjua.

Immakulata akachoma. Sindano ikapita vizuri, na maji yakaanza kudondoka kwenye kichupa, meupe na mazito kama maji ya kuoshea mchele. Usaha. Homa ya uti wa mgongo, hakuna ubishi.

"Mmeona mkono?" Daktari alifurahi kweli kweli. "Mwepesi kama wa fundi cherehani. Haya, toa, urudie. Wenzako wa upande huu hawakuona."

"Daktari, maji yameshapatikana."

"Nimesema rudia. Kwani ni ndugu yako?"

Immakulata aliichomoa sindano.

"Hapana," alisema. Akarudia.

Raundi ilipokwisha, nesi Safina alimfuata daktari mpaka mlangoni, akamwambia kuwa sindano za dawa ya homa hiyo zimo kabatini. Daktari aliugusa ufunguo wa kabati mfukoni mwa koti lake. Ufunguo huo haukukaa pengine popote.

"Za kabati ni za wananchi, Safina. Wakimbizi wana wazungu wao. Lori likirudi litakuja na dawa zao."

Lori lilikwama kwenye tope la masika huko njiani. Lilipofika na dawa, wahudumu walikwisha kumzika Ininahazwe nyuma ya hospitali, kwenye sehemu ya wasio na wenyewe. Immakulata aliwatazama kupitia dirisha la chumba cha kuoshea vyombo, beseni la vyuma mkononi. Hakuthubutu hata kufunga kitambaa kichwani. Mtu akifiwa lazima aseme amefiwa na nani.

Tangu siku hiyo alimchukia Sylvesta kwa bidii, kama mtu anayesomea mtihani. Akawa wa kwanza kufika kwenye raundi na wa mwisho kuondoka. Alimshikia tochi, alimnawisha mikono, alikariri alivyopenda vyombo vyake vipangwe. Daktari akamsifu mbele za watu, akamfanya kiongozi wa wanafunzi wenzake. Naye kila aliposifiwa aliitikia "asante, daktari," huku moyoni akimtafutia mahali pa kumchoma. Kumtilia kitu kwenye chai aliona ni kumhurumia. Alitaka aumie pale pale alipoumizia wenzake.

"Dada, siku hizi hucheki," Nurudini alimwambia wakiosha glovu. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa Kasulu mjini, na yeye alikuwa na moyo mwepesi wa mtu ambaye hajawahi kuulizwa kwao ni wapi. "Yule mzee anakupenda, cheti unacho mkononi. Nini tena?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Mwosha huoshwa, Nurudini."

Nurudini alicheka, akidhani ni utani wa glovu.

Daktari Sylvesta mwenyewe alikotoka hapakujulikana. Aliyemuuliza aliambiwa "nimesoma Tabora," kana kwamba mtu huzaliwa shuleni. Mgonjwa akimwanza kwa Kiha, aligeuka pembeni na kusema, "Mimi lugha za migombani sizijui. Mtafsirieni." Nesi Safina aliwahi kunong'ona kwamba uongo huo una siku yake.

Siku yake ilikuja na mvua ya alasiri. Lori la kambi za Kibondo liliingia uani, Hatungimana dereva akashuka akiwa ameloa mgongo, akawateremsha wagonjwa. Wa mwisho alikuwa kikongwe mwepesi kama mzigo wa kuni kavu, kajifunika khanga na gunia.

"Huyu si wa kambi," dereva alimwambia Immakulata, aliyekuwa zamu ya kupokea wagonjwa peke yake. "Tumemkuta Busunzu kando ya barabara, watu wamemlaza kwenye machela wakingoja gari. Nikaona ni dhambi kumwacha."

Akaondoka kwenda kutafuta chai. Immakulata akaushika mkono wa kikongwe: moto. Akajaribu kumwinua kichwa. Shingo ilikuwa ngumu kama mpini wa jembe.

"Mwana wanje," kikongwe alisema kwa Kiha, akimwita mwanangu, "nimefika hospitali?"

"Umefika, mama." Alimjibu kwa lugha ya kwao, na kuisikia mdomoni mwake kukamwuma.

"Mwite mwanangu. Mwambie nyina amekuja. Alinikataza nisimfuate huku, ana watu wakubwa, nami ni mtu wa matope. Lakini kichwa kinanipasuka."

"Mwanao ni nani, mama?"

"Sylvesta. Dakitari."

Immakulata alimtazama vizuri. Masikio yaliyochomoza ni yale yale. Kipaji cha uso ni kile kile.

Nyumba ya daktari ilikuwa ng'ambo ya ua. Kupitia mvua aliisikia redio yake barazani, mtu akisoma taarifa ya habari. Ilikuwa ni kuvuka ua tu. Angemwambia, "daktari, mama yako," na kabati lingefunguliwa kabla taarifa ya habari haijaisha. Kikongwe angepona. Naye daktari angepata nini? Angepata mama. Angempeleka chumba cha pembeni chenye neti, na kesho asubuhi angerudi kwenye kitanda cha darasa na mkimbizi mwingine.

Alisimama pale mpaka redio ikaanza muziki.

Kisha akakitandika kitanda cha darasa. Alitandika kwa uangalifu, akapindisha pembe za shuka kama walivyofundishwa. Akamnywesha kikongwe maji, akampa Panadol mbili, akamlaza na uso ukutani.

"Atakuja?" kikongwe aliuliza.

"Asubuhi, mama. Hakosi."

Hakukosa. Asubuhi Daktari Sylvesta aliingia na kundi jipya la mwaka wa kwanza, makoti yao bado yana mikunjo ya dukani. Hakuzunguka upande wa ukuta. Kwenye kitanda kile hakuwahi kuzunguka huko. Alichokihitaji kilikuwa upande wa huku.

"Huyu wa wapi?"

"Ameteremka kwenye lori la kambi, daktari," Immakulata alisema. Wala hakuwa amesema uongo.

"Ana ndugu?"

"Hajajitokeza."

"Safi. Mkunje."

Kazi ya kumkunja ilikuwa ya mwanafunzi mwenye uzoefu. Immakulata akazunguka upande wa ukuta, akapiga magoti, mkono mmoja nyuma ya magoti ya kikongwe, mwingine kisogoni, uso kwa uso. Pumzi ya homa ikampiga usoni. Yalikuwa macho ya mama yoyote. Hilo hakuwa amelipangia. Tangu jana alipanga mengi, lakini hakukumbuka kwamba yeye ndiye atakayeyatazama macho hayo, na Sylvesta atatazama mgongo tu.

"Hapa, kati ya mfupa na mfupa," daktari alikuwa akisema. "Nani hajawahi? Wote? Vizuri, leo mtashiba."

Kikongwe aliisikia sauti ile. Immakulata aliona ilivyomwingia: macho yakapanuka, yakalowa, midomo mikavu ikatafuta jina. Kilichotoka ni upepo tu.

Mwanafunzi wa kwanza akakosa. Wa pili akagonga mfupa. Kikongwe hakulia.

"Mnaona? Hawa hawalii," alisema mwanawe.

Akachukua sindano mwenyewe, akachoma mara moja, na maji meupe yakaanza kudondoka. Nesi Safina akauliza kuhusu dawa, kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

"Lori likirudi," daktari alisema, na ufunguo ukalia mfukoni alipoinama. "Sasa natoa, mwingine arudie."

Kikongwe aliung'ang'ania mkono wa Immakulata. Alikuwa akijaribu kugeuka. Alitaka kumwona. Shingo haikumruhusu, lakini bega lilianza kuinuka kidogo kidogo kutoka kwenye shuka, kwa nguvu ambayo hapakuwa na wa kujua ilitoka wapi.

Jina moja tu. Immakulata alikuwa nalo ulimini. Dirishani, nyuma ya migongo ya wanafunzi, ulionekana udongo mwekundu ulioanza kuota majani, usio na msalaba.

"We Immakulata, umelala?" Daktari Sylvesta alikuwa amekwisha kumkabidhi sindano msichana mwingine. "Mshike vizuri huyo. Asigeuke."

Akamshika vizuri.