Waya wa Tatu na wa Sita

Mjomba wangu tunamwita Mkwezi, maana amepanda minara ya simu miaka ishirini na mbili na hajawahi kudondosha hata spana. Mimi ndiye mhandisi wake. Yeye hupanda, mimi hukaa chini na kompyuta, na siku nyingi namgombeza kana kwamba si yeye aliyenilea tangu mama alipofariki.

Siku hiyo nilikuwa na sababu. Mnara wa juu ya paa la zahanati una antena nane, na antena nane si mapambo. Zote hutumia masafa yaleyale, ila kwa mpango, kama watu wanane wanaosukuma gari lililokwama. Wakienda kwa hesabu moja, nguvu yote inafika kwenye simu ya mtu mmoja bila kumsumbua jirani yake, na masafa ya mtu mmoja yanatosha watu wanne kwa mpigo. Wawili wakishika hesabu isiyo yao, kazi imeharibika. Na hapo waya wa antena ya tatu ulikuwa kwenye tundu la sita, wa sita kwenye la tatu.

Ulikuwa mnara wa tatu mwezi huo, na kila mara waya zilezile. Bosi alinipigia.

"Nataka jina la aliyeunganisha kabla ya saa nane. Huyo hapandi tena."

Jina nilikuwa nalo. Mjomba bila mnara sikujua angekuwa nani, na hilo liliniogopesha.

Akashuka akifuta mikono.

"Mjomba, macho umeyaacha nyumbani?"

"Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Lete chai kwanza, ndipo unigombeze."

Nikammiminia. Mezani palikuwa na tepe mbili tunazotia alama: nyekundu ya waya wa tatu, kijani ya waya wa sita. Nikazitazama mpaka nikakumbuka sweta. Darasa la kwanza, shule nzima ilivaa kijani, na mimi peke yangu nyekundu, mwaka mzima. Siku zote niliamini kwamba duka liliishiwa ya kijani.

"Mjomba, lile sweta langu la darasa la kwanza lilikuwa rangi gani?"

"Si ya shule? Kama ya wenzako."

Nilimsogezea tepe zote mbili. Akazitazama, akaligeuzageuza kopo la chai, na mabega yake yakashuka.

"Zamani waya zilikuwa mbili tu," alisema. "Nyeusi na nyeupe. Hizi nane zimenishinda. Nakisia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningepanda?"

Nilimkasirikia, nikajikasirikia mimi zaidi, maana muda wote huo nilikuwa nikisoma mistari ya kompyuta tu, yeye simsomi.

"Andika jina langu," alisema. "Sitaki ulale njaa kwa kunificha."

Nikaliandika. Chini yake nikaandika kwamba fundi huyu hatofautishi nyekundu na kijani, kwamba tepe zenyewe hupauka juani mpaka hata mimi nisizitambue, na kwamba kuanzia leo kila waya ufungwe pete za plastiki: wa kwanza moja, wa nane nane, zihesabike kwa kidole. Nikamtajia kila waya, mjomba akazifunga pete mwenyewe, akapanda, akaunganisha upya akiwa amefumba macho, makusudi, ili anikere. Kwenye kompyuta, mistari minne ya wale watu wanne ikapanda kwa pamoja.

Saa nane kasoro bosi alijibu: "Pete ziwekwe minara yote. Huyo fundi awafundishe wenzake."

Nikamsomea mjomba. Alitikisa kichwa tu, akaanza kukusanya vifaa. Alipofika kwenye tepe akasimama.

"Kwa hiyo walikucheka?"

"Mwaka mzima."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa umelinunua wewe, mjomba."